Kiti cha Shing'weng'we

Mtoto aliyekulia Binza, Ntuzu au Nera anamjua Shing'weng'we kabla hajajua kusoma. Ni zimwi lililomeza watu wote wa nchi. Lilimeza ng'ombe na mbuzi, likameza mbwa na kuku, likammeza mtemi pamoja na watu wa ikulu yake. Alibaki mwanamke mmoja tu, mjamzito, aliyejificha kwenye makapi ya nafaka. Akajifungua mtoto wa kiume, akamwita Masala Kulangwa, jina linalobeba maana ya mtu mwenye akili za kung'amua mambo upesi. Kijana akakua na kuuliza: Mama, watu wako wapi? Mama akamweleza. Basi kijana akaanza kuwinda. Akamkamata panzi, akampeleka nyumbani: Mama, huyu ndiye Shing'weng'we? Sio huyu, mwanangu. Akaleta ndege, akaleta mnyama wa porini, na kila mara jibu lilikuwa lilelile. Hatimaye akakutana na zimwi lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, na watu wote wakatoka wakiwa hai pamoja na mifugo yao.

Kuna jambo dogo ambalo msimulizi mzuri wa Kisukuma haliachi nyuma. Masala Kulangwa alipokuwa akipasua lile tumbo, kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani. Bibi hakupiga vigelegele. Alikasirika kwa ajili ya sikio lake na kutaka kulipiza, ikabidi shujaa atafute dawa ya kumponya kabla furaha ya nchi nzima haijageuka.

Binza iko Usukuma ya mashariki, nchi ya pamba na ng'ombe, ambayo leo imo ndani ya Mkoa wa Simiyu uliozaliwa mwaka 2012, makao makuu yake yakiwa Bariadi. Ninaanzia huko kwa sababu historia ninayotaka kuisimulia, ingawa ni ya gemu la kompyuta lililotengenezwa Uingereza, nimeielewa kwa msaada wa zimwi hilo na sikio hilo. Gemu lenyewe linaitwa Dungeon Keeper. Lilitoka katikati ya mwaka 1997, na lilimwambia mchezaji jambo ambalo bibi wa Binza hakuwahi kumwambia mjukuu: leo wewe ndiye Shing'weng'we.

Waliokulia kwenye vibanda vya video wataelewa uzito wa jambo hilo. Kibandani kulikuwa na stelingi, yaani shujaa wa picha, na kulikuwa na adui. Stelingi hafi. Hata akipigwa risasi tatu, watazamaji wanajua atainuka. Watoto walipotoka kibandani na kuigiza picha uwanjani, waligombania kuwa stelingi, na mdogo kuliko wote ndiye aliyelazimishwa kuwa adui. Magemu ya kompyuta yalirithi mpango huohuo. Shujaa anashuka shimoni, anaua majitu, anachukua dhahabu, anapanda juu kushangiliwa. Wale majitu walikula nini kabla hajafika, walilala wapi, nani alichimba yale mahandaki, hakuna aliyeuliza.

Chanzo cha mashimo hayo ya kwenye magemu ni mwaka 1974. Mwaka huo Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walichapisha mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons. Wachezaji walikaa kuzunguka meza wakiwa na karatasi, penseli na dadu, kila mmoja akiwa shujaa wake, na mmoja wao akawa msimamizi aliyechora shimo na kuwasemea majitu yote. Kwa hiyo hata pale mwanzo kulikuwa na mtu mmoja mezani aliyeiona hadithi kutoka upande wa pili.

Mwaka 1974 ulikuwa na sura nyingine kabisa kwetu Tanzania. Operesheni Vijiji ilikuwa inahamisha watu kwenda kwenye vijiji vya pamoja, Usukuma ikiwemo, na familia zilizokuwa zimetawanyika na malisho yao zikapangwa kwa mistari. Na mwaka huohuo serikali ikazuia uingizaji wa kompyuta nchini. Mashine ya kwanza ilikuwa imefungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mambo hayakwenda vizuri, hesabu za serikali zikavurugika, fedha za kigeni zikateketea, na uamuzi ukawa kufunga mlango. Mlango huo ulifunguliwa pole pole katika miaka iliyofuata. Televisheni nayo Tanzania Bara haikuwa nayo mpaka mwaka 1994. Ndiyo sababu vijana wa Ulaya walipokuwa wakishuka mashimoni kwa kompyuta, sisi tuliendelea kushuka kwa masimulizi ya jioni, na katika hilo sioni tulichopungukiwa.

Na Usukuma ina watu wake wa chini ya ardhi. Chama cha Banunguli kilikuwa cha wawindaji wa nungunungu, mnyama anayemaliza shamba la mihogo au karanga kwa usiku mmoja kisha akarudi kulala shimoni. Mwindaji alivua nguo, akalala kifudifudi na kuingia kichwa mbele, akitambaa gizani katika njia isiyomruhusu kugeuka. Mbele yake miiba, pembeni pengine nyoka, juu yake udongo usio na nguzo. Wenzake walibaki mlangoni wakisikiliza. Vyama vya namna hii, vya nungunungu, vya nyoka, vya tembo, vya kulima, vilikuwa na dawa zao, nyimbo zao na ngoma zao. Mtafiti wa muziki Frank Gunderson alikusanya nyimbo nyingi za kazi za Wasukuma na kuzitoa katika kitabu mwaka 2010. Ukizisoma unamwona mwindaji akijisifu kwa kuingia pasipoingilika. Dungeon Keeper linakuweka upande wa nungunungu.

Mtu aliyelibuni ni Peter Molyneux. Mwaka 1987 yeye na mwenzake Les Edgar walianzisha kampuni ndogo iitwayo Bullfrog katika mji wa Guildford, kusini-magharibi mwa London. Mwaka 1989 walitoa Populous, gemu ambamo mchezaji ni mungu anayeinua na kushusha ardhi ili watu wake wajenge. Mwaka 1993 wakatoa Syndicate, na hapo mchezaji akawa bosi wa kampuni ya kihalifu inayotuma wauaji mjini. Mwaka 1994 wakatoa Theme Park, la kuendesha uwanja wa burudani, ambamo unapanga bei ya chipsi na kuwalipa mafundi wasigome. Ukiyatazama hayo matatu kwa pamoja, gemu lililofuata linaonekana kama mtoto wao halali: nguvu za mungu, maadili ya jambazi, na daftari la mwenye biashara.

Kumpa mchezaji nafasi ya jitu halikuwa jambo jipya kabisa. Mwaka 1986 Wamarekani walikuwa na Rampage, mashine ya kutumbukiza sarafu ambamo unakuwa sokwe mkubwa au mjusi anayebomoa maghorofa kwa ngumi. Lakini yule ni jitu la nusu saa, linabomoa na kwenda zake. Molyneux alitaka jitu lenye makazi.

Kazi ilichukua zaidi ya miaka miwili. Katikati ya kazi hiyo, Januari 1995, Bullfrog ilinunuliwa na kampuni kubwa ya Marekani, Electronic Arts. Molyneux akajikuta ameajiriwa katika nyumba aliyoijenga mwenyewe, na hakuipenda hali hiyo. Aliamua kuondoka. Lakini gemu lilikuwa halijakamilika, basi yeye na timu ndogo wakahamia nyumbani kwake na kulimalizia huko. Simon Carter alikuwa miongoni mwa waandishi wa programu, Mark Healey miongoni mwa wachoraji, na Russell Shaw alishughulikia sauti na muziki. Gemu lilipotoka Juni 1997, baba yake alikuwa akifungasha virago, na mwaka huohuo akaanzisha kampuni nyingine iitwayo Lionhead.

Sauti ya gemu hili ndiyo ninayoikumbuka kwanza. Mwigizaji wa Kiingereza Richard Ridings alirekodi maneno ya mshauri anayekuongoza shimoni, kwa sauti nzito ya kutokea kifuani, ikikusifu unapoharibu na kukukumbusha kwamba hazina inakauka. Miaka kadhaa baadaye mwigizaji huyohuyo alimpa sauti baba nguruwe katika katuni ya Peppa Pig, ambayo watoto wadogo wa Dar es Salaam na Nairobi wanaitazama kila asubuhi.

Mimi nililikuta Mwanza, miaka ya 2000, kwenye duka la intaneti lenye kompyuta nne na feni moja, ndani ya CD ya kunakili isiyo na jalada. Niliketi nikitegemea kupigana. Kilichotokea ni kwamba nilipewa kazi ya kuajiri.

Tazama kwa karibu. Skrini ni nyeusi karibu yote, kwa sababu yote ni udongo. Katikati kuna Moyo wa Shimo, unadunda, na ukivunjwa umekwisha. Pembeni wamesimama vijishetani wanne au watano wenye sururu. Mkono wako unaonekana kwenye skrini, mkono mkubwa wenye kucha. Unagusa kipande cha udongo, kinang'aa, vijishetani vinakimbia kukichimba. Vikikuta dhahabu, vinaibeba mgongoni kwenda hazina. Vikichelewa, mkono unaweza kuvizaba kofi: vinaruka, vinaongeza mwendo, na afya yao inapungua. Nilizaba makofi mengi siku ya kwanza, mpaka kimoja kikafa mikononi mwangu na kazi ya kusini ikasimama. Hakuna aliyenifundisha jambo hilo zaidi ya ile nafasi iliyobaki wazi kwenye handaki.

Majitu makubwa hununui. Yanakuja yenyewe kupitia lango, yakitazama kama pale kwako panafaa. Ukijenga maktaba, wachawi wanafika, maana wanapenda kusoma, na wao ndio wanaokugundulia vyumba vipya na uganga mpya. Ukijenga karakana, wanakuja majitu ya kufua chuma, wanakutengenezea mitego na milango. Bile demon, jitu nene lenye pembe, linahitaji banda kubwa la kuku kwa sababu linakula kuliko wote. Nzi na buibui ukiwalaza chumba kimoja watapigana, kwa hiyo unajifunza kupanga malazi. Siku ya mshahara inafika, wote wanapanga foleni hazinani. Ikiwa hazina ni tupu, wananuna. Wakinuna muda mrefu, wanabeba vyao na kuondoka kupitia lango lilelile. Na yuko mmoja, Horned Reaper mwenye mundu, anayetisha maadui kuliko wote, lakini akikasirika anawakata na wa kwako bila kubagua.

Hapo ndipo nilipotulia na kufikiri juu ya watemi. Mtemi wa Kisukuma hakuwa mtawala wa kuogopwa tu. Mvua ilipokataa, watu walimtazama yeye, na akishindwa kwa muda mrefu wangeweza kumwondoa. Mkulima asiyeridhika alifunga mizigo, akaswaga ng'ombe wake na kuhamia kwa mtemi mwingine. Utemi ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1963, lakini wazee bado wanakumbuka mantiki yake: enzi ni watu, na watu wana miguu. Manju wa ngoma anaijua hata leo. Tangu karne ya 19, tangu ushindani wa waganga wawili, Ngika na Gumha, wacheza ngoma wa Usukuma wamegawanyika pande mbili, Bagika na Bagalu. Baada ya mavuno pande hizo zinacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Hakuna mwamuzi mwenye filimbi. Watazamaji wanahama kutoka upande huu kwenda ule, na kila manju ana dawa, mavazi, nyoka au fisi wa kuwashangaza ili wasihame. Kila upande ni adui wa mwenzake kwa msimu mzima, kwa hiari, kisha msimu unakwisha na watu wanakwenda kulima.

Mwundaji wa Dungeon Keeper aliupata ukweli huo kwa njia yake mwenyewe. Aliketi kwenye kiti cha zimwi na kukuta kwamba tumboni mwa zimwi mna foleni ya mshahara.

Ramani nayo imegeuzwa. Katika magemu ya kawaida unaanzia kwenye nchi iliyoharibiwa na kuiokoa. Hapa kila nchi ni njema, imepewa jina tamu, ya kwanza ikiitwa Eversmile, nchi ya tabasamu lisilokwisha, na kila unaposhinda inageuka jangwa. Mashujaa ndio wanaovamia. Mafundi wa milimani wanachimba mpaka kukufikia, wezi wanaingia kwa ajili ya dhahabu, na nyuma yao Bwana wa Nchi amevaa chuma kinachong'aa. Mara ya kwanza alipokuja nilishtuka kujiona nimemchukia. Alikuwa amekuja kuniua na kuchukua hazina iliyochimbwa kwa sururu mbele ya macho yangu. Nilimwona kama bibi kizee alivyokiona kile kisu.

Lipo jambo ninalolilaumu. Gemu lina chumba cha mateso, na kimewekwa kwa ajili ya kuchekesha. Shujaa aliyekamatwa anateswa mpaka anakubali kuwa wa upande wako, au anakufa na kubaki mzuka. Mfungwa akiachwa na njaa gerezani anageuka kiunzi cha mifupa kinachokutumikia. Waliolitengeneza walikusudia mzaha, na vijana wengi waliupokea kama mzaha. Kwa mtu wa Usukuma mzaha huo una mahali unapokwama. Simeon Mesaki, mwanaanthropolojia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ameandika kwa miaka mingi juu ya mauaji ya watu waliodhaniwa wachawi, na eneo lililotawala maandishi yake ni Usukuma. Wengi wa waliouawa walikuwa akina mama wazee. Macho yao mekundu yalitajwa kuwa ushahidi, ilhali ni macho ya mtu aliyepikia kinyesi cha ng'ombe miaka hamsini katika nyumba isiyo na dirisha. Waliowaendea usiku na mapanga walijiona ndio stelingi. Nani ni zimwi, huko kwetu, ni swali lililomwaga damu ya bibi zetu, na siwezi kulicheka katika chumba cha mateso hata pakiwa na muziki.

Lakini sitaki kulihukumu gemu zima kwa chumba kimoja. Upo uganga ndani yake unaomwezesha mchezaji kuingia katika mwili wa kiumbe chochote anachokimiliki na kuona kwa macho yake. Ghafla ramani uliyokuwa ukiitazama kutoka juu inakuwa handaki refu, kuta zimekuzidi kimo, na kile kijishetani ulichokuwa ukikizaba kofi sasa kinapita mbele yako na mzigo mgongoni. Kwa mwaka 1997 hilo lilikuwa jambo la kushangaza kwa ufundi wake. Kwangu lilikuwa la kushangaza kwa sababu baada ya hapo nilipunguza makofi.

Yaliyofuata yanasimulika upesi. Gemu lilisifiwa sana. Mwishoni mwa 1997 likaongezewa ngazi mpya. Juni 1999 likatoka la pili, lenye picha nzuri zaidi. La tatu lilianza kuandaliwa likaachwa, na mwaka 2001 jina la Bullfrog likamezwa ndani ya Electronic Arts na kutoweka. Mwanzoni mwa 2014 kampuni hiyo ikalifufua jina la Dungeon Keeper kwenye simu, kwa tangazo kwamba ni bure. Mchezaji aligusa kipande cha mwamba kichimbwe, akaambiwa asubiri saa nyingi, pengine siku nzima, au alipe. Mchezo ambao uhai wake ulikuwa ni kuchimba uligeuzwa kuwa mchezo wa kusubiri. Watu walikasirika kote duniani, na Julai mwaka huo mamlaka ya Uingereza inayosimamia matangazo ikaamua kwamba tangazo la bure lile lilikuwa la kupotosha. Safari hiyo aliyemezwa alikuwa mchezaji.

Lililobaki hai lilishikwa na wapenzi wake. Kundi la watu wanaojitolea, waliotawanyika nchi mbalimbali, limelifumua gemu la 1997 na kuliandika upya kidogo kidogo kwa jina la KeeperFX, ili liendeshwe na kompyuta za sasa. Na vijana wa Brighton, Uingereza, waliokua wakilicheza utotoni, walichangisha fedha na mwaka 2015 wakatoa lao liitwalo War for the Overworld. Walipohitaji sauti ya mshauri wa shimoni walimtafuta Richard Ridings, naye akakubali.

Nilipokwenda Binza mara ya mwisho niliomba nisimuliwe tena habari za Shing'weng'we. Niliuliza kitu ambacho sikuwahi kukiuliza nilipokuwa mdogo: humo tumboni watu waliishije? Bibi aliyekuwa akichambua maharage alisimamisha mikono. Akasema waliishi, walikuwa na ng'ombe wao humo, wangekosaje maziwa? Kisha akaendelea na maharage, na alipofika kwenye sikio alilisimulia taratibu kuliko sehemu zote, akigusa la kwake.

Wewe mwenye bibi aliye hai Maswa, Bariadi, Itilima au popote Usukumani, kaa naye jioni moja, umwombe akusimulie sehemu hiyo ya sikio, nawe uiandike kama atakavyoisema.